Kiondo Chako Kina Kiuno

Ndunge,

Wewe ni mtu wa aina gani? Miezi saba, na hujakanyaga kwangu hata mara moja. Kwa mwanao Mwangi umeenda mara mbili, ameniambia mwenyewe, ati ulikuwa umebeba maji na ukamuuliza kama ng'ombe amezaa. Kwa Nyambura anayeuza maziwa pale barabarani umeenda, na Nyambura hata hukumpenda. Mimi nalala mapema, mlango naufunga kwa kamba tu, komeo nimeacha, nakungoja. Ndoto zangu ni za mbuzi na za watu wa zamani ambao majina nimesahau. Miaka arobaini na sita tumekaa boma moja, wake wawili wa mzee mmoja, na sasa unanipita kama mtu anayeogopa mbwa.

Naandika kwa mkono wangu. Unajua sikuenda shule hata siku moja. Hizi herufi nilizikamata kanisani, nikifuata kidole cha mwenzangu wa benchi kwa kitabu cha nyimbo, na wewe ulinicheka ukasema naandika kama kuku anayetafuta mchwa. Cheka tu. Kalamu naikaza sana, karatasi imetoboka mahali pawili. Kandunge, mjukuu wako mwenye jina lako, alitaka kuniandikia kwa simu. Nikamwambia atoke hapo, haya ni ya wanawake wazee.

Na ni Kiswahili kwa sababu ndicho tulikuwa nacho. Mzee alipokuleta hapa Tetu kutoka Machakos, Kikuyu ulikuwa hujui hata cha kuomba chumvi, na Kikamba chako mimi nilikisikia kama ndege asubuhi. Kiswahili changu nilikuwa nimekiokota nikichuma kahawa ya watu. Chako ulikuja nacho. Tukavigonganisha mpaka vikawa kimoja. Baadaye ukajua Kikuyu kuliko mimi, lakini hatukuacha, kwa sababu mama mkwe hakujua Kiswahili na tulipata raha ya kumsengenya akiwa ameketi hapo hapo katikati yetu, anatabasamu. Sasa nimebaki nacho peke yangu. Mtu wa kuongea naye Kiswahili ni daktari wa ng'ombe, na yeye huja tu ng'ombe akiugua. Ng'ombe wangu wako na afya. Wiki nyingine namwangalia yule mwekundu nasema, si ukohoe hata kidogo.

Ya nyumbani ni haya. Majani chai ya upande wako yamekatwa, yanachipuka vizuri. Kuku wako watano wamehamia kwangu wenyewe, yule mweupe bado ni mwizi. Nyumba yako haijaingiwa na mtu. Mwangi alisema ataweka mbolea huko ndani, nikamuuliza kama mama yake alikuwa gunia. Naifagia Jumamosi. Hakuna uchafu, lakini nafagia. Asubuhi nikitoka nje bado macho yanaenda kwa paa lako kutafuta moshi, na mlima ukiwa wazi juu yake hivi, mweupe, mzuri wa bure, nakasirika nao.

Sasa nisikilize, kwa sababu hili ndilo limenikalisha na kalamu.

Unakumbuka Januari, watu wa upande wa kijana walipokuja mara ya kwanza kumuulizia Kandunge. Unakumbuka, hiyo huwezi kusahau. Viti vimepangwa pale uani, nyanya wa msichana aitwe akae mbele aonekane. Ni mjukuu wako. Ametoka kwa mwanao, jina ni lako, hata meno ni yako yale yenye mwanya. Ulikuwa umeshasimama, umefunga ile leso ya buluu. Na mimi nikatangulia nikakaa. Mtu mmoja akauliza kwani nyanya ni nani, na mdomo wangu huu ukasema, "Huyu ni wa kuja. Kiti cha nyanya ni cha mwenye boma."

Nilisema kwa Kikuyu, ili wageni wasikie. Lugha yetu sikuitumia.

Ulichukua kikombe chako cha chai, ukakiosha, ukakifunika pale kwa meza, ukaenda kwako. Ungenitupia hicho kikombe ningejua la kufanya. Tulishawahi kurushiana sufuria mimi na wewe na jioni tukamenya viazi pamoja. Lakini kikombe kilichooshwa, hiyo nilikosa pa kushika.

Tukaanza kunyamaziana. Kwa mfereji tulikutana tukiangalia maji. Ulikuwa ukiniita Mkubwa, hata ukiwa na hasira, Mkubwa wewe, Mkubwa mjinga, na jina hilo likakatika. Chumvi ilipokwisha kwangu nilienda kuomba kwa Nyambura, nikapita mlango wako nikiwa nimekaza shingo kama mtu aliyebeba kuni. Kila Jumapili nilitoka kanisani nimeamua. Leo nitamwambia. Nikifika kwa lango naona mgongo wako, umeinama kwa kazi yako, nasema, aanze yeye, si yuko na mdomo pia. Februari ikaisha hivyo. Hakukuwa na kamba kati yetu, Ndunge, lakini nilikuwa nalala mikono inauma, kama mtu aliyekuwa akivuta kitu mchana kutwa.

Na wewe ulikuwa unafuma. Nilikuona. Kiondo cha Kandunge, cha kumpa siku ya ngurario, ile siku bega la mbuzi linakatwa na msichana anahesabiwa kuwa mke wa watu. Nyanya ndiye hufuma. Wewe ulikaa kwa kigoda chako mlangoni, unasokota uzi wa mkonge kwa paja, unafuma, unanipa mgongo. Nilijiambia unafanya hivyo makusudi nione.

Ile siku ya Machi nilikuwa nawakatia ng'ombe nyasi. Mama Kandunge, mke wa mwanao, akapiga kelele. Nilitupa panga nikakimbia, mimi na magoti haya. Ulikuwa umeegemea ukuta, kiondo kimeanguka, mdomo umevutwa upande mmoja. Uzi ulikuwa bado umezunguka kidole chako cha shahada, umekaza mpaka ncha imekuwa nyeusi. Niliufungua kwanza huo. Sijui kwa nini nilianza na huo. Ulikuwa unaniangalia. Niliita jina lako, nikashika kichwa chako kwa kifua changu, na maneno yote ya Jumapili zile yalikuwa hapa kooni yamepangana. Unajua nilisema nini. Nilisema, "Ngoja gari."

Basi. Wiki nane au tisa za kunyamaza, na nilipofungua mdomo nikakupa hilo. Gari lilipofika kwa lami ulikuwa umeenda.

Baada ya kukuzika kichwa kilianza kunigonga, Mwangi akanipeleka kliniki. Muuguzi ni msichana, mtoto wa juzi. Alinifunga kile kitambaa kwa mkono, akapampu, kikafura kikakaza mpaka nikasikia moyo wangu unapiga ndani ya kiwiko. Akasema presha iko juu. Nikamuuliza, mdomo wa mtu unaweza kupandisha presha ya mtu mwingine mpaka mshipa upasuke? Akasema anakukumbuka, yako ilikuwa ya miaka mingi, na dawa uliacha. Hiyo najua, ulisema zinakupeleka choo kila saa na choo kiko mbali. Akasema maneno huchangia, shosho, lakini kuacha dawa ndiko huua.

Huchangia. Dawa alinipa mfuko mzima, lakini hilo neno ndilo nilibeba nyumbani. Tangu siku hiyo kuna kitu kimoja tu nataka kujua. Ulienda ukiwa bado umenikasirikia, ama hapana? Sina wa kumuuliza. Mwangi nikimuuliza ananiambia, Mama, wacha hayo. Pasta anasema wafu wamepumzika. Pasta hakukujua. Wewe ungeweza kupumzika na bado umenuna.

Kiondo kilikuwa kimebaki robo. Mama Kandunge alitaka kununua kingine soko la Gakindu, viko vizuri, vya uzi wa rangi. Nikakataa. Nikasema mimi nitamalizia, wiki moja, mbele ya watu wote nikasema. Unanijua.

Na wewe unajua mkono wangu. Tangu siku ile mama mkwe alituketisha na kazi moja tufume pamoja, wewe upande huu na mimi ule, na kiondo kikainama kama mzee mlevi, kwa sababu mimi navuta kila uzi kama ninamkamata mwizi. Ulicheka mpaka ukalala chini. Kisha ukanishika mkono ukaniambia, "Vuta kama umemshika mtoto mkono barabarani. Asiponyoke, na asilie." Sikujifunza. Niliona ni maneno ya Machakos.

Kwa hivyo nikakifuma nilivyo. Siku ya tano mdomo wa kiondo ulikuwa umejikusanya, kiganja changu hakipiti. Kandunge akaja, akakiangalia, akafunika uso na mikono, mabega yanatikisika. Akasema, "Shosho, sasa hii ni kibuyu." Nilimfukuza kwa ufagio. Halafu nikaketi kwa kigoda chako, hapo mlangoni pako, nikaanza kufumua.

Macho yangu yameisha, hata hiyo unajua. Nafumua kwa kidole gumba, napapasa mzunguko mmoja mmoja, nikingoja kuhisi mkono wangu unaishia wapi na wako unaanzia wapi. Nikapahisi. Ilikuwa kama kushuka kutoka kwa mawe kuingia kwa njia ya udongo. Mkono wako, uzi umelala karibu na mwenzake, sawa sawa. Upana wa vidole vitatu hivi. Ningeacha hapo, kazi yangu ilikuwa imeisha. Lakini kidole kikaendelea kushuka chenyewe, kwa sababu, sijui, ilikuwa kama kukushika.

Na chini ya vile vidole vitatu nikakuta mawe tena.

Nikadhani nimepoteza njia. Nikakipeleka kwa mwanga. Ndunge, uzi ulikuwa umekazwa kama waya wa seng'enge. Upana wa kiganja kizima, kiondo kimevutwa ndani kuzunguka pande zote, kina kiuno kama nyigu. Na hiyo haikuwa kazi yangu. Mimi sikufika huko chini. Nikageuza, nikaangalia kitako: pale ulipoanzia, mwanzo kabisa, laini, mkono wako wa kila siku. Ulikuwa umekianza krismasi, kabla ya wageni. Halafu kiuno. Halafu vidole vitatu vya mwisho, laini tena.

Mimi sijasoma. Lakini hiyo niliisoma.

Ulikuwa unanivuta mimi, si ndiyo? Kila uzi. Ulikaa hapa mlangoni umenipa mgongo na ukanivuta Januari yote na Februari, mpaka ukasahau mtoto wa barabarani, mpaka mkono wako ukawa kama wangu. Niliona aibu, na nitakwambia ukweli, nilifurahi pia kidogo. Nilidhani mimi ndiye nilikuwa naumwa na mikono peke yangu.

Lakini vile vidole vitatu. Hapo ndipo nilikaa siku mbili sikufanya kazi. Nilikuwa naogopa kuviamini. Nikamwonyesha Mama Kandunge, akasema labda ulibadilisha uzi. Nikaangalia, ni uzi ule ule, msokoto ule ule. Nikajiambia labda ni ugonjwa, mkono ulianza kuchoka kabla ya ile siku. Lakini mkono mgonjwa haufumi hivyo. Unaacha hapa, unakaza hapa, unaacha matundu maharagwe yapite. Huu haukuwa umeacha tundu hata moja. Ulikuwa mkono wako wa miaka yote, mkono wa mtu ambaye hakuna kitu anavuta. Kazi ya siku nne, siku tano. Yaani zile siku tano za mwisho ulikuwa umeniachilia, na mimi niko kule ng'ambo ya uwanja na shingo yangu, navuta peke yangu, upande wa pili hakuna mtu.

Mbona hukusema? Hatua thelathini tu, Ndunge. Ungeniita Mkubwa mara moja ningekuja na magoti haya. Na usiniulize mbona mimi sikusema. Najua.

Mama Kandunge akataka nifumue mpaka chini nikitengeneze chote kiwe sawa, wakwe wasitucheke. Nikasema mtu akigusa hicho kiuno nitamkata kidole. Nikaendelea juu ya vidole vyako vitatu. Nilikaa kwa kigoda chako, na nikajaribu mtoto wa barabarani. Alilia sana, huyo mtoto. Nilikuwa nafuma mzunguko, nafumua, nafuma. Nikikasirika, naweka chini, na mimi hasira yangu huamka na jua, kwa hivyo siku nyingine nilifuma mizunguko miwili tu. Kitu cha wiki moja kikanichukua Aprili, Mei, Juni. Baridi ya Julai ikanikuta hapo nimejifunika blanketi lako. Lakini mdomo ulifunguka. Si mzuri kama wako. Kiganja kinapita.

Ngurario ilikuwa Agosti. Ungeona watu. Mwangi alivaa koti la mzee, linambana tumboni, na mbuzi mmoja alitoroka akaingia kwa majani chai, vijana wa wakwe wakamfukuza na viatu vyao vya kung'aa. Nyanya wa msichana akaitwa. Kiti kikawekwa pale pale. Nilisimama nacho mkononi, hicho kiondo chako, nikakiweka juu ya kiti. Mimi nikabaki nimesimama. Mwangi alinong'ona, Mama, kaa. Nikasema kiti kiko na mtu.

Kiondo kilipitishwa kwa wanawake wa upande ule wakiangalie, unajua vile wanafanya, wanakigeuza kama wananunua kuku. Wasichana hawakuona kitu, wakasema kina shepu nzuri. Kikafika kwa nyanya wa kijana, mzee wa kutoka Kagio, mkavu, anaona kwa jicho moja. Hakukiangalia. Alikipapasa. Kidole kikapanda kutoka kitakoni, kikafika kwa kiuno, kikasimama. Akaniita kwa mkono nikaenda nikainama.

"Hapa mlikosana na nani?"

Nikamwambia, na mwenzangu.

Kidole kikapanda. Kikafika kwa vile vidole vitatu, kikapita kwa mkono wako kikaingia kwa wangu, na hakikusimama, Ndunge. Nilikuwa nakiangalia. Hakikujua mpaka uko wapi.

"Na hapa juu?"

"Hapa juu tulipatana," nikasema.

Akatingisha kichwa. Akamvisha Kandunge mkanda kwa paji la uso, kiondo kikamlalia mgongoni, na wanawake wakapiga ngemi, vigelegele vitano. Mimi nilienda nyuma ya banda la ng'ombe nikalia mpaka yule mwekundu akaja kuninusa.

Kama nilidanganya, nilidanganya mbele ya wakwe, na wewe ndiye utanihukumu. Lakini sidhani nilidanganya.

Karatasi inaisha. Nakuahidi kitu kimoja, na unajua sina ahadi nyingi. Mjukuu wangu Kamau anasema ataleta msichana Desemba, wa Kisii, Kikuyu hajui hata cha kuomba chumvi. Siku watu wake watakapokuja hapa kwetu na nyanya wa huyo msichana aitwe, awe nani, awe wa wapi, atakaa kwa kiti. Na siku nitasikia mtu wa boma hili akimwita mtoto wa watu ati wa kuja, nitamnyamazisha mimi, hata kama ni pasta.

Lala vizuri, mke mwenzangu. Dawa nakunywa, choo ni mbali, naenda tu.

Na ukija, usinipitie na kwenda kwa Nyambura. Mimi ndiye nimekungoja. Usisimame nje ukisubiri nianze. Fungua ile kamba, ingia, uniamshe, na useme kitu. Hata kama ni matusi, useme.